Patasi ya Nakshi na Kisigino Chake

Patasi ya nakshi hutoka dukani ikiwa ndefu, imenyooka na inang'aa, lakini bado haiwezi kazi. Anayeanza kujifunza nakshi ya mkono juu ya metali mara nyingi haambiwi hilo. Hulipia chuma chembamba cha sentimita 11 au 12, hukipachika kwenye mpini, hukiweka juu ya kipande cha shaba na kukisukuma. Chuma ama kinazama na kukwama, ama kinateleza na kuacha mkwaruzo mrefu kutoka pembe hii ya bamba hadi ile. Jaribio la pili halina tofauti na la kwanza. Kufika la tano, mtu ameshajihukumu kwamba mkono wake hauna kipaji.

Mkono hauna kosa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa jembe walisema kweli. Kwa nakshi mambo ni mengine kabisa: chuma kilichouzwa ni malighafi, na fundi ndiye anayekikata kilingane na kiganja chake, akakisaga, akakinoa, kisha akakipa kitu kidogo kisichoonekana vizuri bila lenzi, yaani kisigino. Asilimia kubwa ya mateso ya wiki za mwanzo yanatokana na kisigino kilichokosekana au kilichokosewa.

Kwanza majina, kwa sababu mwongozo usio na majina ya sehemu humchosha msomaji bure. Patasi hii haipigwi nyundo kama tindo ya mhunzi. Husukumwa na kiganja, ikachimba mfuo na kutoa uzi mwembamba wa metali unaojikunja mbele yake. Upande wake wa juu ni mgongo, wa chini ni tumbo, na nyuma kuna mkia unaoingia kwenye mpini. Mbele imekatwa mshazari, na sehemu hiyo iliyokatwa ndiyo uso. Uso unapokutana na tumbo ndipo penye ncha. Kisigino ni nyuso mbili ndogo sana zilizonolewa tumboni, moja kila upande, mara tu nyuma ya ncha. Urefu wake ni kama nusu milimita. Kazi yake ni kuinua mpini, ili vidole vya fundi visigonge bamba, na kuipa ncha mahali pa kuegemea inapokata.

Ufundi wenyewe una umri mkubwa. Albrecht Dürer alianza kujifunza katika karakana ya baba yake, sonara wa mji wa Nuremberg, kabla hajawa mchoraji. Mwaka 1514 alichonga kwenye bamba la shaba picha yake ya Melencolia I, ambayo haizidi ukubwa wa karatasi ya A4. Thomas Bewick wa Uingereza aliingia uanagenzi mwaka 1767, akiwa na miaka 14, kwa Ralph Beilby wa Newcastle. Baadaye alipata sifa kwa kuchonga miti kwa patasi za aina ile ile zinazotumika kwenye metali. Pwani yetu nayo haikuwa mbali na kazi hii. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na sarafu ya kupigwa huhitaji mihuri miwili ambayo herufi zake zimekaa kinyume ili zisomeke sawasawa upande wa pili. Aliyeziandika herufi hizo kinyume alikuwa fundi wa kuheshimiwa.

Kuna jambo moja la historia ambalo lina faida ya moja kwa moja. Mabamba ya kuchapia picha na vyombo vya masonara vimezaa patasi mbili zenye tabia tofauti. Mchongaji wa mabamba ya kuchapia hufanya kazi juu ya kitu bapa na kikubwa, na hupenda mistari mirefu. Tumbo la patasi yake huachwa likiwa limenyooka kabisa, na chuma hupindwa kuelekea juu karibu na mpini ili mkono upate nafasi. Sonara huandika ndani ya pete, juu ya bangili, au kwenye ala ya jambia, mahali penye mizunguko na vilima. Yeye ndiye anayehitaji kisigino. Anayeanza akisoma nusu ya somo kwa huyu na nusu kwa yule, atatoka na chombo ambacho si cha yeyote kati yao. Makala haya yanamfuata sonara.

Patasi moja inatosha kuanzia: ile ya mraba, yenye unene wa milimita 2.5 hadi 3, ambayo tumbo lake ni pembe ya nyuzi 90. Inakata mistari myembamba na minene, iliyonyooka na iliyopinda, na inanoleka kirahisi kuliko nyingine zote. Patasi bapa na za duara zisubiri. Kuhusu chuma chenyewe, kile cha haispidi kinavumilia joto na makosa. Chuma cha kaboni cha zamani kinapokea makali mazuri mno lakini kinaharibika upesi kwenye grenda. Kabaidi hudumu sana juu ya chuma kigumu, ila ni kama kioo: ncha humeguka kwa mkono ambao haujatulia, na haikubali kunolewa vizuri ila kwa almasi. Si chuma cha mwanzo.

Asiyepata patasi ya dukani anaweza kuitengeneza kutokana na tupa ndogo ya mraba iliyokwisha meno. Tupa nzuri ni chuma cha kaboni kilichokwisha kufanywa kigumu. Meno yote na yasagwe hadi pande ziwe laini, maana kila jino lililobaki ni mwanzo wa ufa.

Sasa urefu. Kichwa cha mpini, kilicho duara kama uyoga, hukaa katikati ya kiganja. Kidole gumba na cha shahada hubana chuma pande mbili, na vidole vilivyobaki hujikunja kando ya mpini. Ikishikwa hivyo, ncha na ijitokeze mbele ya kidole gumba kwa sentimita 2 hivi. Ikizidi hapo, kiganja kinasukuma kitu kilicho mbali nacho na ncha inayumba. Ikipungua, gumba linakosa nafasi ya kutulia juu ya bamba na kuwa breki. Hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Mwenye mkono mkubwa ataacha chuma kirefu kuliko mwenye mkono mdogo, na ndiyo maana viwanda huuza kirefu.

Chuma hukatwa nyuma, upande wa mkia, kamwe si mbele. Fundi huishika patasi pamoja na mpini, huweka alama ya kalamu mahali panapotakiwa, kisha huchonga alama hiyo kwa grenda kuzunguka pande zote nne hadi kina cha karibu theluthi moja. Hubana chuma kwenye jiliwa, alama ikiwa sawa na midomo yake, hukifunika kwa kitambaa kinene na kukigonga mara moja. Kinavunjika. Kitambaa na miwani ya kinga si mapambo: chuma kigumu kikivunjika hutupa vipande, na jicho halina akiba. Baada ya hapo mkia husagwa uwe mwembamba kuelekea mwisho, patasi hubanwa kati ya vipande viwili vya mbao kwenye jiliwa mkia ukiwa juu, na mpini hugongwa taratibu hadi ukae imara. Mipini mingi imekatwa upande mmoja ikawa bapa. Upande huo hutazama chini, sambamba na tumbo.

Hatua inayofuata wengi huiruka, kisha wakajuta: kupunguza mgongo. Kuanzia ncha kurudi nyuma sentimita 2 au 3, mgongo husagwa kwa mteremko hadi uso ubaki mdogo, usiozidi milimita moja na nusu kwa kimo. Faida ni mbili. Fundi anaona mstari anaoukata badala ya kuona chuma kilichouziba, na kunoa kunakuwa kazi ya dakika moja badala ya kumi, kwa sababu jiwe linakula chuma kidogo tu. Mtu anayenoa kwa dakika kumi huahirisha kunoa. Anayenoa kwa dakika moja hunoa kila anapohisi patasi inakuwa nzito.

Hapa ndipo grenda inapoua patasi za kaboni. Chuma kilichofanywa kigumu hubadilika rangi kinapopata moto: manjano hafifu karibu na nyuzi 220 za Selsiasi, kisha kahawia, zambarau, na buluu karibu na nyuzi 300. Manjano haina shida. Buluu maana yake ugumu umepotea, na ncha itapinda kwenye shaba ya kwanza. Dawa ni rahisi kuliko kuamini bahati: kikombe cha maji pembeni, kugusisha chuma kwenye grenda kwa sekunde moja au mbili, kukichovya, na kidole kitupu kiwe karibu na ncha muda wote. Kidole kikiona moto, patasi nayo imeuona. Haispidi huvumilia joto kubwa zaidi ya hilo bila kulegea, ndiyo sababu anayeanza anashauriwa kuanza nayo.

Buluu ikishatokea, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusaga polepole, kwa maji mengi, hadi sehemu yote ya buluu iondoke. Ya pili, kwa chuma cha kaboni peke yake, ni kukifanya kigumu upya: kukipasha hadi kiwe chekundu na sumaku iache kukishika, kukiacha kwenye moto kidogo tu zaidi, kukizamisha kwenye mafuta, kukisugua king'ae, kisha kukipasha taratibu kuanzia nyuma hadi rangi ya manjano ifike nchani na kukipoza hapo hapo.

Kwa kunoa kwenyewe, mashine za bei kubwa zipo, na mabamba ya almasi yanapatikana. Anayeanza anaweza kufika mbali kwa kipande cha kioo kinene na msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari, namba 400, 800, 1200 na 2000. Kioo ni bapa kuliko mawe mengi ya kunolea, na ubapa ndio unaotafutwa. Matone mawili ya mafuta ya cherehani yanatosha. Juu ya msasa patasi ivutwe, isisukumwe, la sivyo ncha itachana karatasi. Kwa kabaidi msasa huu haufai. Hapo ni almasi tu.

Uso hunolewa kwa nyuzi 45. Kipimo chake kipo nyumbani: karatasi ya mraba ikikunjwa kona kwa kona hutoa nyuzi 45 kamili, na pembe hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye kipande cha mbao kilichochongwa mfuo wa kulalia patasi. Wanaokata chuma kigumu huinua hadi nyuzi 50 au 55 ili ncha iwe na nyama zaidi nyuma yake. Kosa la kawaida ni mkono kuyumba, uso ukatoka umevimba kama mbegu ya kunde. Kulibaini ni rahisi. Uso upakwe wino wa kalamu nene, uvutwe mara moja juu ya msasa, kisha utazamwe kwa lenzi. Wino ukitoka wote, uso ni bapa. Ukibaki katikati, kingo ndizo zinazoliwa. Ukibaki kwenye kingo, mkono unabembea.

Kisha kisigino, ambacho kinastahili subira kuliko yote yaliyotangulia. Patasi ya mraba ikilazwa kwenye msasa kwa moja ya pande zake mbili za chini, upande wote unagusa karatasi. Ikiwa imelala hivyo, mpini uinuliwe kidogo, bila kuizungusha patasi, hadi chuma kisimame kwa nyuzi kati ya 15 na 20. Njia ya kupata pembe hiyo bila kifaa ni kuhesabu sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 3 za kwenda mbele. Hiyo hutoa nyuzi 18 na kidogo. Kwa patasi ambayo ncha yake iko umbali wa sentimita 9 kutoka usawa wa kichwa cha mpini, kichwa hicho kikae sentimita 3 juu ya karatasi. Kipande cha mbao cha kimo hicho chini ya mpini humaliza ubishi.

Hapo patasi ivutwe mara tatu, kwa uzito wa kidole kimoja. Igeuzwe ilale kwa upande wa pili, ivutwe mara tatu. Hesabu ni lazima ilingane, kwa sababu kisigino kilichoelemea upande mmoja huivuta patasi iende upande huo, na fundi atahangaika kunyoosha mstari ambao chombo kinaupindisha. Ikitazamwa kwa lenzi kutoka chini, nyuso mbili ndogo zinatakiwa ziwe kama mabawa mawili ya nzi, sawa kwa urefu, zikikutana kwenye mstari mmoja unaofika nchani. Zikipita milimita moja, zimezidi. Kwenye mistari iliyonyooka hilo huenda lisisumbue. Kwenye duara kisigino kirefu huburuta nyuma ya ncha, kikakwaruza ukuta wa nje wa mfuo na kuacha ukingo mkali unaoshika nguo. Dawa ya kisigino kirefu ni kuunoa uso tena, maana uso ukirudi nyuma kisigino kinafupika chenyewe.

Mwisho, kisigino kipitishwe kwenye namba 2000, au kwenye karatasi iliyopakwa dawa ya kung'arishia metali, mara mbili tatu. Hiki si kitu cha urembo. Nyuso za kisigino ndizo zinazosugua kuta za mfuo, na mfuo hunakili kila zinachobeba: kisigino chenye mikwaruzo hutoa mstari wa kijivu, kilichong'arishwa hutoa mstari unaometa kama maji. Masonara wanaoandika kwenye fedha huishi kwa mmeto huo. Uso wenyewe uguswe tena kidogo kuondoa ukingo mwembamba uliopinda kuelekea mbele.

Kuna vipimo viwili vya kujua kama kazi imekwisha. Cha kwanza ni kucha. Ncha iwekwe juu ya kucha ya gumba, bila kukandamiza, kisha isogezwe mbele kwa uzito wake mwenyewe. Ikishika pale pale, ni kali. Ikiteleza, irudi kwenye msasa. Cha pili ni mwanga, nacho ni kikali zaidi. Patasi ishikwe chini ya taa, ncha ikielekea kwenye lenzi, na kuzungushwa taratibu. Ncha kali haionekani. Kingo zinakutana na kutoweka gizani. Ncha iliyomeguka, hata kwa kiasi ambacho jicho tupu haliwezi kukiona, hurudisha mwanga, na pale mwisho kabisa panawaka nukta nyeupe ndogo kama punje ya chumvi. Nukta hiyo ikionekana, hakuna nguvu ya mkono itakayoifidia. Anayeongeza nguvu juu ya ncha iliyomeguka ndiye anayeteleza, na anayeteleza kwa nguvu hujichoma mkono wa pili. Kwa hiyo mkono unaoshika kazi usikae mbele ya ncha hata kwa nusu dakika.

Kwa mazoezi, bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 1.5 linafaa, likiwa limegandishwa kwenye ubao. Shaba ya njano ni ngumu kidogo lakini hukatika safi. Ubao hukaa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, kwa sababu katika mistari ya duara mkono wa patasi hautembei sana. Ni mkono wa pili unaolizungusha bamba liijie ncha. Wageni wa kazi hii hushangaa kuona kwamba nusu ya nakshi inafanywa na mkono usioshika chombo.

Mistari ya kwanza iwe mifupi, sentimita 3, iliyopigwa rula kwa nafasi ya milimita 2. Patasi huingia kwa mpini ulioinuliwa kidogo, hushushwa mara ncha inaposhika, husukumwa kwa mwendo mmoja, na mwishoni mpini huteremshwa zaidi ili ncha itoke juu na uzi wa metali ukatike. Bamba lenyewe litasema kilichokosewa. Patasi ikizama, kisigino kiko chini mno au hakipo. Ikiteleza, itazamwe nukta nyeupe. Ncha ikivunjika kila baada ya mistari michache, uso uongezwe nyuzi tano. Uzi ukijikunjia upande mmoja tu, ama mkono umelalia huko ama mabawa ya kisigino hayalingani, na lenzi itaamua.

Katika siku za mwanzo msasa utatumika kuliko shaba, na ndivyo inavyotakiwa. Ni vizuri kukwaruza tarehe nyuma ya kila bamba na pembe zilizotumika, uso ngapi na kisigino ngapi, kisha kulihifadhi. Patasi ikimaliza kazi, ncha ichomekwe kwenye kizibo cha chupa au kipande cha raba, kwa sababu kugusana mara moja tu na patasi nyingine ndani ya kasha kunatosha kuiwasha ile nukta tena.